Dawa za kuongeza nguvu kwenye besiboli ya Marekani: lawama ni za nani? Maswali yanayoulizwa kila siku

Mtaje Barry Bonds, yule mpigaji staa anayehusishwa na dawa, mbele ya watu watatu wanaofuatilia besiboli uone, mmoja atamlaumu yeye, wa pili ataibebesha ligi, wa tatu atasema si wote walikuwa wanatumia bwana, waacheni. Haya hapa ndio maswali yanayorudi rudi, tumeanza na ya mwanzo kabisa mpaka yale ya kichokozi. Ukikuta tumeandika "angalia swali la 5" nenda kasome huko maana hatujarudia.

## Ya kuanzia

1. Dawa zenyewe ni zipi?

Kundi kubwa ni steroidi, yaani testosteroni na ndugu zake wa maabara kama stanozolol. Watu wanajua zinajenga misuli ila wanasahau kwamba zinakufanya upone haraka, na kwenye besiboli hilo ni jambo kubwa sana kwa sababu msimu una mechi 162 ndani ya miezi sita tu, unacheza karibu kila siku, sasa mtu ambaye mwezi wa nane anaamka hana maumivu wakati wenzake wanachechemea huyo tayari kawapita hata kama hajaongezeka kilo moja. Kuna pia homoni ya ukuaji (HGH), na kuna amfetamini za kuchangamsha (swali la 18).

Na ndio, dawa haikufundishi kuupiga mpira unaokuja kwa kilomita 150 kwa saa. Hiyo hoja mashabiki wa Bonds wanaipenda sana na ni kweli, ila haimsafishi mtu.

2. Nani anatunga sheria za dawa kwenye MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani)?

Hili swali lieleweke vizuri maana bila hili mengine yote yanakuwa kelele. Kuna pande mbili. Upande mmoja wamiliki wa timu 30, ambao ndio wanaomwajiri kamishna, yaani bosi wa ligi. Upande wa pili chama cha wachezaji, na kile chama sio cha mchezo, ni moja ya vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu kuliko vyote Marekani. Kipimo cha dawa ni sehemu ya mazingira ya kazi kwahiyo kamishna hawezi kuamka asubuhi akasema kuanzia leo wote mtakojoa kwenye chupa, lazima wakae mezani na chama wakubaliane.

Watu wanadhani kamishna ni kama hakimu wa mchezo, hapana. Bud Selig alipoanza kukaimu ukamishna mwaka 1992 alikuwa mmiliki wa Milwaukee Brewers, na familia yake iliendelea kuishikilia ile timu mpaka ilipouzwa 2005. Yaani mwenye duka ndio mkaguzi wa maduka.

3. Nataka jibu fupi, nani wa kulaumiwa?

Inategemea unaongelea mwaka gani. Kabla ya 2004 mzigo mkubwa ni wa waliokuwa na uwezo wa kuweka kipimo wakaacha, yaani wamiliki, kamishna na uongozi wa chama cha wachezaji. Baada ya 2006 mchezaji aliyeko ligi kuu anajua sheria, anajua adhabu, ana daktari wa timu na ana namba ya simu ya kuuliza, kwahiyo akibambwa mzigo mwingi ni wake. Vijana wa Jamhuri ya Dominika tunawaweka pembeni, wao wana kesi yao (swali la 14).

Tatizo letu ni kwamba hukumu imekwenda kinyume na hapo. Wa miaka ya 90 wenye misuli ndio wanatukanwa mpaka leo, wenye ofisi wamestaafu na heshima zao.

## Miaka ya 90 na ile 1998

4. Si dawa zilikuwa halali wakati ule?

Hapana, na hii kamba imepigwa mpaka watu wameiamini. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti steroidi mwaka 1990, kuanzia hapo kuwa nazo bila cheti cha daktari ni kosa la jinai. Juni 1991 kamishna wa wakati huo Fay Vincent akaziandikia timu zote waraka kwamba dawa haramu ni marufuku, na steroidi zikatajwa. Selig naye akatuma waraka wa namna hiyo 1997.

Ila soma vizuri hapo: waraka. Hakuna kipimo, hakuna ratiba ya adhabu iliyokubaliwa na chama, na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kuna wachezaji hawakuwahi hata kuuona. Vincent mwenyewe alikuwa anajua kabisa hana meno. Kwahiyo ilikuwa marufuku kwenye karatasi na ruksa kwenye maisha, na wote wawili, anayesema ilikatazwa na anayesema haikukatazwa, wanaweza kukuletea ushahidi.

5. Wamiliki na kamishna walijua au hawakujua?

Walijua vya kutosha kuuliza maswali, hawakuuliza.

Twende taratibu. Agosti 1994 wachezaji waligoma, mgomo ukaenda mpaka mwaka uliofuata na fainali za World Series zikafutwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu 1904. Mashabiki walikasirika, msimu wa 1995 viti vikawa vitupu na mapato ya mlangoni yakashuka vibaya. Halafu 1998 ikaja kama zawadi: Mark McGwire wa St. Louis na Sammy Sosa wa Chicago wanafukuzana kuvunja rekodi ya Roger Maris ya homurani 61 (mipira iliyopigwa ikavuka uzio) iliyodumu tangu 1961. McGwire akamaliza na 70, Sosa 66. Nchi nzima ilikuwa inaangalia, na usiku ule wa Septemba 8 McGwire alipopiga ya 62 Selig alikuwepo uwanjani anapiga makofi.

Sasa mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Agosti, mwandishi wa shirika la habari la AP Steve Wilstein aliona kichupa cha androstenedione kwenye kabati la McGwire. Hii ilikuwa inauzwa dukani kihalali kipindi kile ila Olimpiki walishaipiga marufuku, ligi ya NFL (futiboli ya Kimarekani) pia. Mtu mwenye nia angeanzia hapo. Badala yake aliyeshukiwa ni mwandishi, kwamba kachungulia kabati la mtu! Kocha mkuu wa timu ya McGwire, Tony La Russa, alitaka AP wazuiwe kuingia kwenye chumba cha wachezaji. Ligi yenyewe iliipiga marufuku ile kitu mwaka 2004, na McGwire alikuja kukiri steroidi Januari 2010 baada ya kupata kazi ya ukocha.

Na sio makao makuu tu. Kevin Towers aliyekuwa meneja mkuu wa San Diego Padres alikuja kusema hadharani 2005 kwamba alikuwa na hisia kuhusu Ken Caminiti, staa wake aliyechukua tuzo ya mchezaji bora 1996, na kwamba anajisikia ana hatia kwa kukaa kimya. Caminiti alishakiri mwenyewe 2002 kwenye Sports Illustrated kwamba ile tuzo aliipata akiwa anatumia. Alifariki Oktoba 2004, ana miaka 41. Towers angalau alisema, wengine wengi waliuchuna.

6. Na chama cha wachezaji? Mbona hakiguswi?

Kinaguswa, ila kwa vidole viwili. Mwaka 1994 wamiliki walileta pendekezo la kupima steroidi, chama kikakataa, na wamiliki nao hawakulipigania hata kidogo kwa sababu bifu lao kubwa lilikuwa hela za mishahara. Donald Fehr aliyekuwa anaongoza chama alisimamia hoja ya faragha, kwamba mwajiri hana haki ya kumpima mfanyakazi mkojo bila sababu ya kumshuku. Kama hoja ya mfanyakazi ina mashiko, tena sana, wewe mwenyewe bosi wako akikuambia ukojoe mbele yake utauliza kwa nini.

Shida ni kwamba chama kilikuwa kinawalinda wanaotumia dhidi ya wanachama wake wenyewe wasiotumia. Rick Helling, mrushaji wa Texas Rangers, alisimama kwenye mkutano wa chama mwishoni mwa 1998 akawaambia wenzake jamani hili jambo limeshakuwa kubwa, watu wanaona wasipotumia hawana kazi. Hakuna kilichofanyika. Kwenye mazoezi ya kabla ya msimu wa 2003 wachezaji kadhaa wa Chicago White Sox walifikiria kugomea kipimo makusudi ili wahesabiwe kama wamekutwa na dawa na asilimia ipande, vipimo vya kweli vianze (swali la 8). Ukiona mfanyakazi anataka kuandikwa ana hatia ili apimwe vizuri ujue huko ndani kuna kitu. Fehr alikuja kukubali kwamba walichelewa kuchukua hatua.

7. Mashabiki na waandishi je?

Waandishi wamo. Walikuwa ndani ya vyumba vile kila siku, waliona watu wanarudi kutoka likizo na shingo mpya, wakaandika kuhusu mazoezi ya vyuma na lishe bora. Baadhi yao ndio hao hao leo wanapiga kura ya nani ni msafi (swali la 16).

Mashabiki... tulishangilia ndio. Ila aliyenunua tiketi hakuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo, tusimbebeshe mzigo wa mtu aliyekuwa analipwa kuangalia.

## Uchunguzi ulivyokwenda

8. Vipimo vilianza lini hasa?

Ligi za chini 2001, kwa sababu wale hawakuwa kwenye chama na Selig aliweza kuamua peke yake. Ligi kuu walikubaliana Agosti 2002: mwaka 2003 watu wote wapimwe bila majina kutolewa, na zaidi ya asilimia 5 wakikutwa ndipo vipimo vya kweli vianze 2004. Kumbuka hapo wachezaji walishaambiwa mapema kwamba kuna kipimo kinakuja, na bado wakapatikana kati ya asilimia 5 na 7.

Adhabu za mwanzo zilikuwa kichekesho. 2004 ukikutwa mara ya kwanza unapelekwa kwenye matibabu na jina halitajwi. 2005 ikawa kufungiwa siku 10. Machi 17 mwaka huo Bunge likawaita mastaa, McGwire akasema hakuja kuongelea yaliyopita, Rafael Palmeiro akanyoosha kidole mbele ya kamera kwamba hajawahi kutumia steroidi, na Agosti 1 Palmeiro huyo huyo akafungiwa, stanozolol. Wanasiasa walipotishia kutunga sheria yao ndipo mezani pakapatikana adhabu ya kufungiwa mechi 50, kisha 100, kisha maisha. Yaani kilichoshindikana miaka kumi kwa sababu ya ugumu wa mazungumzo kilimalizika ndani ya miezi kadhaa. Kila mtu avune analotaka kutoka hapo, mimi naona ugumu haukuwa kwenye mazungumzo.

9. BALCO ilikuwa nini?

Maabara ndogo ya virutubisho huko Burlingame, California, ya Victor Conte. Ilivamiwa Septemba 2003. Walikuwa na steroidi ya kutengenezwa maalum, THG, ambayo vipimo vya dunia nzima havikuiona mpaka kocha mmoja wa riadha alipotuma bomba la sindano lenye mabaki na maabara ya UCLA chini ya Don Catlin ikaifumbua. Upande wa besiboli jina kubwa ni Bonds, aliyepiga homurani 73 mwaka 2001 na kumpita Hank Aaron, aliyekuwa na rekodi ya homurani za maisha, 2007 akaishia na 762. Mkufunzi wake Greg Anderson aligoma kutoa ushahidi akaenda jela. Bonds alishtakiwa 2007, mwaka 2011 akatiwa hatiani kwa kosa moja la kuzuia haki, na 2015 mahakama ya rufaa ikalifuta. Kwahiyo kisheria hana hatia yoyote, wanaomwita mfungwa waache.

10. Ripoti ya Mitchell ilimlaumu nani?

Wote. Selig alimpa kazi seneta wa zamani George Mitchell, ripoti ikatoka Desemba 13, 2007, kurasa 409, na ikasema waziwazi kwamba kila mtu, makamishna, viongozi wa timu, chama na wachezaji, ana sehemu yake ya lawama. Ila nani anakumbuka hiyo sentensi? Watu wanakumbuka majina 89 ya wachezaji. Hapo ndipo mchezo ulipochezwa kwa kweli: lawama za wote zikaandikwa kwa ujumla, za wachezaji zikaandikwa kwa jina na hundi.

Majina mengi yalitoka kwa watu wawili waliobanwa na serikali, Kirk Radomski aliyekuwa mfanyakazi wa chumba cha wachezaji cha New York Mets, na Brian McNamee mkufunzi wa mrushaji staa Roger Clemens. Timu zisizo na Radomski wao hazikuwa na majina mengi, haimaanishi zilikuwa safi. Tena Mitchell alikuwa mkurugenzi kwenye Boston Red Sox wakati anafanya kazi hii, watu wakalalamika, ingawa ripoti haikuwaficha kabisa: imo barua pepe ya 2006 ya meneja mkuu wao Theo Epstein akimuuliza skauti kuhusu Éric Gagné na tetesi kwamba alikuwa mtu wa steroidi. Mwaka uliofuata wakamsajili. Kwa timu dawa ilikuwa taarifa ya usajili kama goti bovu tu.

Wachezaji nao walikausha. Kati ya waliokuwa bado wanacheza ni Frank Thomas aliyekubali kuongea kwa hiari yake. Clemens alikana mbele ya Bunge, akashtakiwa kwa uongo, na 2012 akaachiwa mashtaka yote.

11. Ile orodha ya watu 104 ni halali kuitumia?

Hapana kwa maoni yetu. Ni matokeo ya kile kipimo cha 2003 kilichoahidiwa kuwa siri. Maafisa wa serikali walikwenda 2004 na hati ya kutafuta wachezaji 10 wa BALCO wakabeba za wote, na mahakama ilikuja kusema walivuka mipaka. Lakini majina yakaanza kuvuja, Alex Rodriguez (A-Rod), Sosa, David Ortiz, Manny Ramirez. A-Rod akakiri, wengine hawakukiri. Chama kina lawama hapa pia maana kilipata nafasi fupi ya kuhakikisha ile kitu inaharibiwa kabla serikali haijabisha hodi, haikufanyika.

## Siku hizi

12. Adhabu ikoje sasa?

Tangu 2014: mara ya kwanza mechi 80, ya pili 162 yaani msimu mzima, ya tatu maisha. Hulipwi mshahara na mechi za mtoano za mwaka huo huchezi. Wanapima mkojo na damu. Wa kwanza kufungiwa maisha kwa kukutwa mara tatu ni Jenrry Mejía wa Mets, 2016, baadaye akasamehewa. Robinson Canó alikula 80 mwaka 2018 na 162 iliyomtoa msimu wote wa 2021.

13. Mchezaji akisema hakujua inamsaidia?

Kidogo sana. Kanuni ni kwamba kilichomo mwilini mwako ni chako. Fernando Tatis Jr., aliyesaini dola milioni 340 na San Diego, alifungiwa mechi 80 Agosti 2022 kwa clostebol akasema ilikuwa dawa ya choa. Inawezekana kabisa, clostebol imo kwenye baadhi ya dawa za ngozi, ila alikuwa na daktari wa timu wa kumuuliza bure na hakuuliza.

Wanaofuatilia riadha ya Kenya hapa huwa wanacheka. Huko chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, steroidi mara ya kwanza ni miaka minne kwa kawaida, na hata kwa dawa zisizo steroidi Rita Jeptoo aliongezewa mpaka minne, Ruth Chepng'etich mwenye rekodi ya marathoni ya wanawake alipewa mitatu mwaka 2025. MLB hawako chini ya WADA, wana mkataba wao, ndio maana staa wa mamilioni anakaa nje nusu msimu na mkimbiaji aliyekuwa anategemea zawadi za mbio anapoteza karibu maisha yake yote ya kazi. Huwezi kusema mmoja alikosea zaidi. Mmoja ana chama.

14. Na vijana wa Dominika? Mbona wanabambwa sana?

Ukiangalia waliofungiwa ligi za chini miaka ya nyuma majina ya Dominika ni mengi mno, na watu wanaharakisha kusema ni tabia. Angalia mazingira kwanza. Timu zote 30 zina akademi kule. Mtoto anaruhusiwa kusaini akifika miaka 16, na dili za mdomo zinafanyika mapema zaidi ya hapo. Anayemlea ni mtu anaitwa buskoni, anamlisha, anamfundisha, anamtafutia timu na kuchukua asilimia yake nzuri siku ya kusaini. Timu inataka mtoto anayerusha kwa kasi LEO. Buskoni amewekeza hela zake, mtoto anadungwa sindano anaambiwa vitamini, na kule dawa nyingi unazipata duka la kawaida.

Sasa kipimo kinakuja, anayefungiwa ni nani? Mtoto. Buskoni anaenda kutafuta mwingine, na skauti aliyekuwa anapita kila wiki kuangalia kasi ikipanda anaandikiwa ripoti nzuri. Kwa hili hatuna maneno ya kuzunguka, mwenye miaka 15 sio wa kubebeshwa lawama na ligi ambayo inavuna kule kwa sababu ni rahisi.

15. Adhabu kali hivyo, kwa nini bado wanatumia?

Piga hesabu. Jhonny Peralta alifungiwa mechi 50 Agosti 2013 kwenye sakata la Biogenesis (kliniki iliyokuwa inauzia wachezaji dawa), Novemba ile ile St. Louis wakampa dola milioni 53 kwa miaka minne. Melky Cabrera alifungiwa 2012 akiwa na wastani wa kupiga mpira wa .346, mtu wake akatengeneza mpaka tovuti feki ya bidhaa isiyokuwepo ili ionekane alidanganywa, na bado Toronto wakampa milioni 16. Walizitumikia adhabu zao, ni haki yao kupata kazi. Ila timu inayolia kuhusu maadili asubuhi na jioni inaandika hundi, hiyo nayo ni tangazo kwa kijana anayejifikiria.

Jurickson Profar alianza na mkataba wa milioni 42 na Atlanta, mwezi Machi 2025 msimu ndio kwanza umefunguliwa akala 80. Huyo hela alishasaini. Kwahiyo sio njaa peke yake, kuna na hofu ya mwili kuchoka.

Kuhusu wauzaji: Tony Bosch wa Biogenesis pale Florida, ambaye hakuwa hata na leseni ya udaktari, alikuwa anauzia mpaka watoto wa sekondari, akahukumiwa miaka minne jela 2015. Yeye na Conte ni kati ya wachache wasio wachezaji waliolipa kwa jasho. Na MLB wenyewe walitoa hela kununua makaratasi ya ile kliniki, ligi iliyokosa bajeti ya udadisi mwaka 1998.

## Maswali ya pembeni

16. Bonds nje, Selig ndani. Inakuwaje?

Jumba la Heshima pale Cooperstown, waandishi wanapiga kura na unahitaji asilimia 75. Januari 2022, kura yao ya mwisho, Bonds alipata 66 na Clemens 65. Siku hiyo hiyo Ortiz akaingia kwa asilimia 77.9, na jina lake lilivuja kwenye ile orodha ya 2003, ingawa kamishna Rob Manfred alishasema matokeo yale yalikuwa na utata (swali la 11). Selig aliingizwa na kamati ndogo Desemba 2016. La Russa aliingia 2014.

Wako wanaosema Selig anastahili kwa sababu vipimo vimekuja chini yake, sawa, na steroidi zimekua chini ya nani? Sisi hatusemi Bonds aingie lazima. Tunasema kigezo cha tabia ukikitumia, kitumie kwa mwenye ofisi pia.

17. Kuna aliyeumia kwa kucheza msafi?

Wengi, na hao hawana majina maana walikatwa wakarudi kwao. Mchezaji wa 26 kwenye timu aliyenyimwa nafasi na mtu wa sindano hana rekodi ya kumtetea. Anayetajwa sana ni Fred McGriff, homurani 493, hajawahi kuhusishwa na dawa, alionekana wa kawaida kwa sababu jirani zake walikuwa wanapiga 60. Waandishi walimkataa miaka yote kumi, kamati ikamwingiza Desemba 2022 kwenye kura ile ile iliyowakataa Bonds na Clemens.

18. Wazee wa zamani si walikuwa wanameza amfetamini?

Walimeza, tangu miaka ya 60 zilikuwa zinapatikana vyumbani kama pipi na MLB walianza kuzipima 2006 tu. Na Pud Galvin aliandikwa gazetini 1889 kwamba kachomwa dawa iliyotokana na korodani za wanyama, gazeti likasifia. Kwahiyo habari za "zamani walicheza kwa ugali tu" ziachwe. Tofauti ni ukubwa wa faida, hapo ndipo watu wanapobishana na hawatamaliza leo.

19. Mchezaji akibambwa timu inaadhibiwa? Inanyang'anywa kombe?

Hapana na hapana. Ushindi unabaki, kombe linabaki, hata tuzo binafsi zinabaki, Ryan Braun bado ana tuzo yake ya mchezaji bora ya 2011 na alikuja kufungiwa mechi 65 mwaka 2013. Hakuna timu iliyokatwa pointi wala kunyimwa usajili kwa sababu wachezaji wake wamekutwa na dawa, hata wakiwa watatu kwa mkupuo.

Tena timu inaweza kupata faida. A-Rod alipofungiwa msimu wote wa 2014 (ligi ilitaka mechi 211, msuluhishi akapunguza mpaka 162) New York Yankees hawakumlipa mshahara wake wa zaidi ya dola milioni 20, na hesabu yao ya kodi ya mishahara mikubwa ikapungua. Hela ambazo 2007 walikubali wenyewe kumsainia, pamoja na bonasi za mamilioni kila akifikia rekodi fulani ya homurani.